Gia ya Mkono

Kaka yangu alikuwa akija kila asubuhi, anakalia kopo la rangi lililopinduliwa, na kabla hata hatujamaliza kusalimiana ananiuliza, "Imezaa?"

"Nini?"

"Pikipiki yako. Naona unaizunguka tu kama mkunga. Nikadhani uchungu umeanza."

Pikipiki yenyewe ilikuwa juu ya matofali uani kwangu, haina gurudumu la mbele, haina tangi, haina kiti. Injini nilikuwa nimeifungua na kuitandaza juu ya gunia, kila kipande na kitambaa chake. Niliikuta kwa mchomelea vyuma nyuma ya soko, naye alikuwa ameshawasha mtungi wa gesi aikate fremu atengeneze kitoroli. Nilimpigia kelele mpaka wapita njia wakasimama, na nadhani aliniachia ili nimwondokee. Mtaani kwetu wananiita Kipaza, na si kwa uimbaji.

Niliitaka kwa sababu ilikuwa aina ileile. Hapa lazima nirudi nyuma, na mtu akichoka na aende akanywe maji, mimi sitafupisha.

Mimi na kaka tulifuma nguo katika kiwanda tangu hatujaota ndevu. Kampuni ilikuwa na viwanda vitatu, kila kimoja mwisho wake wa mji, na wakubwa walihakikisha watu wa huku hawajui wa kule wanalipwa nini. Simu ilikuwa moja, na ilikaa mezani kwa meneja. Basi wafumaji wakachanga, tukanunua pikipiki, na kaka akawa tarishi wetu. Neno lililosemwa asubuhi katika kiwanda chetu, jua likiwa utosini lilikuwa limeshafika kule mwisho. Wakubwa walikuwa wakishangaa imekuwaje watu wa mji mzima wamenuna siku moja.

Kabla ya hapo kaka alikuwa ameangukiwa na gogo la nyuzi. Lilimponda mguu wa kulia, kuanzia katikati hadi vidoleni. Kampuni ilimpa pole. Mguu huo ulipona ukawa wa kusimamia na kutembelea, lakini hauwezi kuinua wala kukanyagia kitu kwa vidole, na pikipiki zile za zamani gia zake ni za mguu wa kulia. Watu wa karakana hawakufanya mkutano. Waling'oa mkono wa kuwashia kwenye mtambo uliokufa, chuma kirefu chenye kirungu cha mbao kilicholainishwa na viganja vya wafumaji, wakakiunganisha na gia kwa kipande cha nondo, kikasimama kando ya tangi upande wa kulia. Kaka akawa anabadilisha gia kwa mkono. Ukiitazama, ilikuwa na sura mbaya kuliko deni. Ukiiendesha, ilikuwa kama imezaliwa hivyo.

Tulipogoma, walifunga geti pikipiki ikiwa ndani, kwenye chumba cha chama cha wafanyakazi. Tukaambiwa kila kilichomo ndani ya uzio ni mali ya kampuni. Namkumbuka aliyesema maneno yale. Nakumbuka shati lake, lilikuwa na mistari ya kijani, na nakumbuka alikuwa anatafuna karanga akiyasema. Wengine husema nisamehe, mambo ya zamani hayo. Yeye alimaliza karanga zake.

Sasa macho ya kaka yanafunga. Daktari alisema ni presha ya macho, imegunduliwa kwa kuchelewa, na kilichokwishapotea hakirudi. Anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba lenyewe linazidi kusinyaa. Siku tuliyotoka hospitali nilimsindikiza nyumbani. Tulipofika kwake akashika kitasa cha mlango, asifungue.

"Kabla halijaziba," akasema, "nataka kuiendesha tena ile pikipiki. Sitaki kupakiwa. Kuiendesha."

Hakutaka kitu kingine. Hajawahi kuwa mtu wa kutaka vitu.

Ndipo nikatafuta ile mifupa ya pikipiki, nikaileta uani. Nilitengeneza kwa haki. Kutu niliiondoa kwa msasa na mikono yangu, spoki nilizinyoosha moja moja, na kaka akiwa juu ya kopo lake ananishikia hiki, ananipokea kile, anavijua kwa kuvipapasa. "Hii boliti ni ya ubavuni," anasema, "usinipe habari za mbele." Tulikuwa tunabishana mpaka jirani anafunga dirisha. Yalikuwa maisha, kusema kweli.

Kisha asubuhi moja akaja binti yake. Ana duka la vifaa vya umeme, na huongea kama anayehudumia foleni.

"Shikamoo, baba mdogo. Baba, shikamoo. Nimeiona."

"Umeona nini?" nikamuuliza.

"Pikipiki. Ileile, jina lilelile kwenye tangi. Iko mtaa wa maduka ya fanicha, dukani kwa wanaouza vyombo vya usafiri vya zamani vilivyokarabatiwa. Imekamilika, inang'aa, unatia mafuta unaondoka. Nina akiba ya kiwanja. Naitoa."

"Thubutu," nikasema.

"Baba mdogo, nilikuwa naongea na baba."

"Na mimi ndiye ninayejibu. Kitu cha dirishani hujui kimefichwa nini chini ya rangi. Mtu ametia plasta, amepaka, ameng'arisha, unanunua sura. Hii hapa naijua ndani na nje."

"Hata mimi naijua. Ni kutu."

"Ilikuwa kutu! Njoo uiguse."

"Ina gurudumu moja, baba mdogo. Baba ana macho ya kufikia lini?"

Kaka alikuwa anasugua goti lake taratibu. Akasema, "Twende tukaitazame. Kutazama hakuna ushuru."

Dukani mlikuwa na ubaridi na harufu ya nta. Pikipiki ilisimamishwa juu ya zulia. Mimi nimelala miaka kwenye sakafu ya saruji, pikipiki imewekewa zulia. Muuzaji alikuwa mtu mzima mwenye sauti laini, kama anayeuza majeneza, na kila tulipogusa mahali alipita nyuma yetu na kitambaa. Bei sitaitaja, nitatapika.

Lakini ilikuwa nzuri. Nilitafuta kwa kuitafuta mahali pa kutemea mate, sikuona. Tangi lilikuwa jekundu la kuiva, na nikajiona ndani yake, mzee mwenye mdomo uliobinywa. Kaka aliikaribia akiwa amenyoosha shingo, akailenga kwa lile bomba la macho yake, kipande kwa kipande: taa, usukani, tangi. Alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Kila kitu kama siku ilipotoka kiwandani," muuzaji akasema. "Na haikuwa rahisi, wazee wangu. Tuliinunua kwenye mnada wa kiwanda kimoja cha nguo kilichokufa, na ilitufikia ikiwa aibu. Watu walikuwa wameiharibu! Hebu fikirini, walifunga chuma kirefu hapa ubavuni, sijui cha mashine gani, kina kirungu cha mbao juu, eti gia. Gia ya mkono! Fundi wetu alicheka mpaka akakaa chini."

Binti alinitazama. Mimi nilimtazama kaka. Kaka hakumtazama mtu.

"Hicho chuma mlikipeleka wapi?" akauliza.

"Chuma kipi?"

"Chenye kirungu."

"Kwenye chakavu, mzee. Tungekipeleka wapi? Tumeirudishia gia yake ya mguu, ya asili."

Kaka akanyoosha mkono wa kulia kando ya tangi, akafumba kiganja. Hapakuwa na kitu. Akakaa hivyo, kiganja kimefumbwa hewani, mahali pale pale, wala hakupapasa kutafuta. Mkono ulikuwa unapajua.

Nilifungua mdomo, na waliokuwa mtaani wangenisikia vizuri sana, ila kaka alinibana mkono juu ya kiwiko. Yeye hupajua pa kubana.

"Asante, bwana," akasema. "Je, mtu akitaka kununua, anaruhusiwa kuijaribu?"

"Mteja wa kweli? Bila shaka. Kwa miadi, na kwa dhamana."

Nje nilipasuka. Niliwaambia kwamba ni pikipiki yetu, ni jasho letu, ilifungiwa na geti lile lile lililotufungia sisi nje. Na wangeiuza tu, ningesema ni wezi wa kawaida. Lakini wameirudisha mpaka siku ile kabla hatujaigusa! Wamekwangua mguu wa kaka, wamekwangua karakana, wamekwangua kila aliyeitolea senti yake, na wanaita ni ukarabati, na tunaulizwa kama tuna miadi!

Watu walikuwa wanapita upande wa pili wa barabara.

"Umemaliza?" kaka akauliza.

"Bado."

"Basi pumzika kidogo, utaendelea."

Binti akasema, "Mimi naona imekuwa rahisi zaidi. Ninunue, baba mdogo atafunga gia nyingine ya mkono. Chuma kipo, akili anazo."

"Ununue kilicho chetu?" nikasema. "Uwalipe kwa kutuibia?"

"Sasa tufanye nini? Tukae na hasira?"

"Hununui," kaka akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kuleta habari. "Utoe kiwanja uninunulie pikipiki nitakayoiona mpaka mvua zijazo? Halafu niwe nainusa? Nimelea mwanamke mwenye akili, usinitie aibu uzeeni."

"Sawa," nikadakia, "basi tumalize yetu."

Kaka akanigeukia. Akinilenga hivyo na lile jicho lake la katikati, huwa naona kama ananisoma maandishi madogo.

"Ile kabureta umeisafisha mara ngapi?"

"Ina uchafu ndani."

"Haina. Nimeishika mwenyewe, ni safi kama kijiko. Na ringi za pistoni ulisema hazipatikani, na mwanangu aliziona kwenye boksi chini ya kitanda chako."

"Zile ni... zilikuwa za akiba."

"Mdogo wangu. Wewe hutaki iishe. Ikiisha, mimi nitakuja kwako kufanya nini? Wewe unataka kutengeneza. Mimi nataka barabara."

Nimewahi kujibizana na mameneja, na polisi, na wakili wa kampuni aliyesoma ng'ambo. Pale niliinama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa. Tangu kiwanda kilipokufa sikuwahi kukaa na mtu chuma kikiwa katikati yetu, yeye anashika huku mimi nashika huku. Nilikuwa nikiamka asubuhi najua kopo lile litakaliwa. Angenipa miaka kumi, ningeisugua kabureta miaka kumi.

Tulitembea mpaka kituoni. Kisha kaka akasema, kama anayeulizia bei ya vitunguu, "Kiti chake ni kirefu. Anayekaa nyuma akijisogeza, mguu wake unafika kwenye gia?"

Jioni ile tulijaribu kwa ile mifupa ya uani. Nilifunga ubao mahali pa kiti. Kaka akakaa mbele, mguu wake mbovu ukining'inia nje, mimi nikajibana nyuma yake mpaka kidevu kikagota begani kwake, nikapenyeza mguu wa kulia kwenye pedali ya gia. Ya kwanza unainua, nyingine zote unakanyaga. Yeye anabana klachi isiyokuwepo, anapaza sauti, "Kanyaga!" nami nakanyaga, na mdomoni ananguruma kama injini. Binti yake aliegemea ukuta, kitenge mdomoni, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Baba mdogo," akasema akipata pumzi, "mkianguka mimi siwajui."

"Na vilivyo pembeni?" nikamuuliza kaka. "Huoni pembeni."

"Wewe si una mdomo? Maisha yako yote umekuwa unautafutia kazi."

Kesho yake tulikwenda. Kaka alivaa koti la mkwewe, mume wa binti, likamkaa kama la waziri. Mimi nilipewa shati la kola, nikaambiwa nisizungumze. Binti alimaliza mambo yote kwa ile sauti ya foleni: akaacha gari lake mlangoni na ufunguo mezani, akasema baba yake ni mtu wa pikipiki tangu ujana, jambo ambalo halikuwa uongo.

Muuzaji alitutazama. "Wote wawili?"

"Huyu ni mshauri wangu," kaka akasema. "Siwezi kukijua chombo bila kukitia mzigo."

"Mzigo," nikasema. Binti akanikanyaga.

Waliisukuma hadi barabara ya nyuma ya maduka, ile inayokwenda pembeni ya ukuta wa kiwanda chetu hadi kule kwenye kiwanda cha mwisho. Siku hizi hapapiti magari, hakuna anayekwenda huko. Injini ikawashwa. Nilikuwa nimejiandaa kuidharau, na ikanguruma kwa utulivu, pumzi juu ya pumzi, nikaisikia mpaka kwenye meno. Tukapanda. Muuzaji aliutazama mguu wa kaka ukining'inia, akautazama wangu umechomoza kutoka nyuma, akafungua mdomo.

"Inua," kaka akasema.

Nikainua. Tukaondoka.

Mwanzo tulikwenda kama walevi. Nilichelewa kukanyaga, chuma kikalia, nikamsikia muuzaji nyuma akilia nacho. Kisha ikaingia. "Kulia baiskeli," nikamwambia sikioni. "Kushoto mbuzi, amelala. Shimo mbele, unaliona?" "Naliona." "Basi kwa nini unalifuata?" Akacheka, nikakisikia kicheko kifuani mwake kabla hakijafika mdomoni. Ukuta wa kiwanda ulianza kupita upande wetu, madirisha yote yamezibwa kwa matofali.

Na hapo nikaona kitu. Kila alipotaka kubadilisha gia, kabla hajaniambia, mkono wake wa kulia uliachia mpini wa mafuta ukashuka ubavuni mwa tangi, ukafumba hewa, ukasukuma. Hakujua kama anafanya hivyo. Basi nikaacha kusubiri neno. Nikawa nautazama mkono. Mkono ukisukuma, mimi nakanyaga, na gia inaingia kama mlango wa nyumba yako mwenyewe. Hakupaza sauti tena. Tukafika gia ya juu, koti la mkwewe likajaa upepo likanipiga mashavuni, na mimi, mtu wa kupata kasoro hata kwenye wali wa sherehe, sikupata kasoro. Ilikuwa nzuri. Wameiiba, wameikwangua, na ilikuwa nzuri, na nilitaka kulia kwa hasira na kwa yale mengine.

Lami iliishia kwenye geti la kiwanda cha mwisho. Kaka akasimama, akaacha injini ingurume.

"Hapo kuna nini?" akauliza. Geti lilikuwa mbele yetu, pana kuliko bomba lake.

"Waliuza mitambo yote," nikasema, "na yule wa karanga ndiye—"

"Sikuuliza nani. Nimeuliza kuna nini."

Nikatazama. Nikamwambia kuna geti, lina mnyororo. Nyasi zimefika kwenye bawaba. Ile nafasi ya chini, alikokuwa anapitishia makaratasi, bado ipo. Kile kibanda cha mlinzi kimeota mti dirishani. Hakuna mtu.

"Mti gani?"

"Sijui. Una maua meupe."

Akaitikia kwa kichwa kama aliyepokea ujumbe. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya usukani, na mimi nimemshika kiunoni kama zamani, nilipokuwa nambebea vifurushi. Enzi zile tukifika mahali hapa tulikuta wafumaji wanatusubiri. Walikuwa wakitukimbilia kabla hajazima.

"Haya," akasema. "Turudi, yule bwana atapata presha."

Akageuza. Nikainua, tukaondoka. Mkono ukashuka, nikakanyaga, gia ya pili. Ukuta ukaanza kurudi, safari hii upande wa pili. Mbali kabisa niliona bati la duka, na kitu cheupe kinarukaruka barabarani. Muuzaji, bila shaka, na kitambaa chake.

Mkono wa kaka ukashuka ubavuni mwa tangi, ukafumba, ukasukuma.

Sikukanyaga.

Injini ikapiga kelele. Mkono ukasukuma tena.

"Kanyaga," akasema.

Nikajitia sijasikia.

"Kanyaga wewe! Unataka kuipasua?"

"Pedali imekwama," nikasema.

Nilihisi mgongo wake ukitulia juu ya kifua changu, akapunguza mafuta hadi ile kelele ikawa mngurumo mnene, wa chini.

"Mwongo mkubwa wewe," akasema.

"Ndiyo."

Mkono wake ukarudi kwenye usukani, na haukushuka tena. Tukaendelea hivyo na gia ya pili, taratibu mno, mpaka baiskeli ikatupita upande wa kulia, nami nikamtajia.